Risiva ya plastiki haikulipukii usoni

Imani hii ni ya miaka mingi huko Marekani kwa wanaounganisha bunduki yao ya kwanza ya AR-15: risiva ya chini, yaani kiunzi cha chini cha bunduki, ikiwa ya polima (plastiki), baruti itaipasua siku moja. Sivyo. Katika muundo wa Eugene Stoner, mbunifu wa bunduki hii, meno ya bolti (kipande kinachofunga risasi mtutuni) hujifunga ndani ya kipande cha chuma kilichoshikana na mtutu, na shinikizo la risasi huzuiwa hapo. Risiva ya chini hubeba triga, magazini na kitako. Hata hiyo ya "chuma" inayosifiwa kwa kawaida ni alumini.

Udhaifu wa polima upo, ila mahali pengine. Tazama nyuma ya risiva, kwenye pete yenye hesi panapoingia mrija wa kitako. Bunduki ikiangukia kitako, mrija hugeuka wenzo na kuikunja pete ile; ufa huanzia chini yake, mwembamba kama unywele, na hukua kimyakimya. Hesi za plastiki pia huharibika upesi mrija ukiingizwa upande, kosa la kawaida kwa mgeni.

Polima hupunguza takribani gramu 100, jambo dogo kwenye bunduki ya kilo 3. Kwa mara ya kwanza chukua risiva ya alumini ya aina ya 7075-T6 iliyofuliwa. Aina ya 6061 ni laini zaidi, ingawa inatosha. Kisheria hakuna tofauti: chini ya sheria ya shirikisho risiva hiyo, hata tupu, ndiyo silaha yenyewe, na muuzaji mwenye leseni hukuuzia ikiwa na namba yake baada ya kukagua rekodi zako.