Seva ya barua pepe ifunge mlango yenyewe, bila kuwafungia wenye nyumba

Fungua kumbukumbu za seva ya barua pepe (logi, faili zinazoandika kila anayejaribu kuingia) saa nane usiku, ofisi imelala. Utakuta mtu anabisha: jina "info", nywila si sahihi, "admin", si sahihi, "accounts", si sahihi. Sekunde chache, anaanza tena. Si mtu, ni programu zinazojaribu nywila usiku na mchana kwa kila seva zinayoiona, ya Kampala sawasawa na ya London. Nywila moja ikipatikana, barua taka zitatumwa kwa jina lenu, na punde Gmail na wengine wataanza kukataa hata barua zenu halali. Kusafisha jina baada ya hapo ni kazi ngumu.

Hakuna fundi awezaye kukesha akifunga mojamoja anwani za IP, yaani namba za mtandao ambazo wabishaji hutokea. Kazi hiyo mwachie Fail2ban, programu ya bure inayosoma kumbukumbu hizo mstari kwa mstari. Isipobadilishwa, anwani ya IP ikikosea mara 5 ndani ya dakika 10, hufungiwa dakika 10. Kwa barua pepe naona hiyo ni huruma kupita kiasi. Mimi huweka saa nzima, na anayerudia huongezewa muda kwa kuwasha mpangilio wake uitwao bantime.increment.

Lakini hapa Uganda kuna jambo nawasihi mafundi wenzangu mlitazame. Intaneti ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na ofisi nayo kwa kawaida hutoka yote kwa anwani moja. Mhasibu mmoja huko Jinja alibadilisha nywila kwenye kompyuta Jumatatu asubuhi. Simu iliyokuwa mkobani ikaendelea kubisha kwa nywila ya zamani. Kufika saa nne, ofisi nzima haipati barua, na kila mtu analaumu mtandao.

Kama anwani ya ofisi ni ya kudumu na ni yenu peke yenu, iandike kwenye ignoreip, orodha ya Fail2ban ya anwani za kuachwa, isifungiwe. Ya mtandao wa simu usiiandike kamwe, maana unashiriki na watu usiowajua. Aliyefungiwa kimakosa hufunguliwa kwa amri fail2ban-client unban ikifuatwa na anwani yake.

Nawe mtumiaji, ukibadilisha nywila, badilisha na kwenye simu saa hiyohiyo. Barua zikigoma, jambo la kwanza kumwambia fundi ni kwamba umebadilisha nywila.