Hakuna kijiji kizima chini ya maji ya Llyn Celyn

Wengi husimulia kwamba Capel Celyn, kijiji cha Wales kilichofunikwa na bwawa la Llyn Celyn mwaka 1965, bado kimesimama ziwani, nyumba na kanisa vikiwa vizima. Sivyo. Kabla ya maji kupanda, nyumba, shule, posta na kanisa vilibomolewa. Kiangazi kikiwa kikali, kinachojitokeza ni misingi na mabaki ya kuta.

Wala wenyeji hawakuondoka kwa hiari. Waliandamana hadi Liverpool, jiji lililotaka maji hayo, lakini Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kujenga bwawa mwaka 1957 bila mbunge hata mmoja wa Wales kuiunga mkono kwa kura. Watu 48 walipoteza makazi. Baadhi ya marehemu walihamishwa. Makaburi mengine, na hili linaniuma zaidi, yalifunikwa kwa zege. Liverpool iliomba radhi mwaka 2005.