Maana ya "take into account": kuingizwa kwenye hesabu

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, kutoka kwa mnunuzi aliyetaka viazi mviringo vya kikundi chetu huku Umalila, mkoani Mbeya. Nikaitwa niisome, kwa kuwa siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa karibu mwenye cheti cha kidato cha sita. Katikati palikuwa na maneno haya: bei itapangwa "taking into account the condition of the road". Nikawatafsiria wanakikundi: bei itazingatia hali ya barabara. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja wa mbele akasema, "Afadhali, kuna mtu ameiona barabara yetu."

Malipo yalipokuja, kila gunia lilikuwa limekatwa. Barabara ilikuwa imezingatiwa kweli. Mnunuzi alipiga hesabu ya Fuso kukwama kwenye utelezi wa Februari, vibarua wa kulisukuma, na dizeli ya kupandisha mlima kutoka Mbalizi, kisha gharama zote hizo akaziondoa kwenye bei yetu. Yule mama akanifuata hadi nyumbani. "Mwanangu, si ulisema wamezingatia?" Nikamjibu, "Ndiyo mama, walizingatia." Hakuniaga.

Tangu hapo, mtu akiniuliza maana ya nahau hiyo naanzia kwenye neno lake la mwisho. "Account" hapo ni hesabu. Waingereza walilipata kutoka Kifaransa cha kale, na asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kuhesabu, hilohilo lililozaa kompyuta. Kwa hiyo "to take something into account" ni kuliingiza jambo kwenye hesabu kabla hujatoa jibu. Hesabu ina kujumlisha na ina kutoa. Nahau haikwambii jambo lako limewekwa upande gani, wala limepewa uzito kiasi gani. Inakwambia halikuachwa nje, basi.

Hakimu anaweza kusema amezingatia kwamba mshtakiwa ni mkosaji wa mara ya kwanza, na bado akampeleka gerezani. Mwajiri anaweza kukuandikia kwamba uzoefu wako utakuwa "taken into account", halafu kazi akapewa mwingine. Hakuna aliyesema uongo hapo.

Tatizo langu kwenye kikao kile lilikuwa kwenye "kuzingatia" kwenyewe. Ni neno zuri, na kwenye maandishi rasmi ndilo tafsiri ya kawaida, lakini linabeba mizigo miwili. Dereva anayeshuka mlima Kitonga akiambiwa azingatie alama za barabarani, anatakiwa azitii. Akizifikiria kisha akapita kwa mwendo wake, hajazingatia chochote. Hiyo kwa Kiingereza ni "observe" au "follow". Mzigo wa pili ndio wa "take into account": kulipima jambo pamoja na mengine. Wanakikundi walisikia ule wa kwanza, wakaona barabara yao imeheshimiwa. "Kutilia maanani" nako kungewapotosha vilevile, pengine zaidi, maana kunanukia kujali.

Tafsiri iliyo karibu zaidi, kwa maoni yangu, haiko kwenye kamusi, iko sokoni. Simama Mwanjelwa umsikilize mwenye mzigo anayebishana na dalali: "Ukiweka na nauli, ukiweka na mpakiaji, ukiweka na ushuru, mimi nabaki na nini?" Hiyo "ukiweka na" ndiyo "if you take into account" yenyewe, na hakuna anayesikia hapo kwamba nauli imependelewa. Laiti ningesema, "Wanapopanga bei wataweka na gharama za barabara," makofi yasingepigwa.

Kuhusu kuitumia kwa Kiingereza, penye utelezi ni mahali pa kuweka kile kinachozingatiwa. Kikiwa kifupi kinakaa katikati: "take the rain into account". Kikiwa kiwakilishi, lazima kikae katikati: "take it into account", kamwe si "take into account it". Kikiwa kirefu kinasukumwa mwisho: "take into account the cost of loading the lorry". Wengi wetu pia huandika "take in account", na chanzo ni Kiswahili chetu: "katika" yetu inatosha kwa kukaa ndani na kwa kuingia ndani, wakati hapa Kiingereza kinadai neno la kuingia, yaani "into". Wengine huongeza "an" katikati, au "s" mwishoni. Viondoe.

"Take into consideration" na "take account of" ni ndugu zake, maana ni ileile. Usizichanganye na "on account of", ambayo ni "kwa sababu ya", wala na "account for", ambayo ni kueleza jambo limetokeaje, au kuwa sehemu fulani ya kitu kizima, kama viazi vinavyoweza kuwa nusu ya kipato cha kaya. Na "consider" peke yake mara nyingi ni kufikiria tu: "we are considering your offer", yaani bado hawajaamua.

Msimu huu imekuja barua nyingine, kutoka kwa mnunuzi mwingine. Safari hii inasema ubora wa viazi utakuwa "taken into account". Nikaisoma taratibu, nikasema wataweka na ubora kwenye hesabu ya bei. Hakuna aliyepiga makofi. Yule mama akanyoosha mkono. "Wataweka upande wa kuongeza au wa kukata?"

Sikuwa na jibu. Tukaliandika swali lake kama lilivyo, kwa Kiingereza, tukalituma.