Inverta, DC na kapasita: tunavyodanganywa na maneno ya kwenye boksi

"AC yangu ni inverta, kwa hiyo feni yake nayo ni ya kisasa." Si lazima. Inverta, yaani uwezo wa kupandisha na kushusha kasi badala ya kuwaka na kuzima, husemwa kuhusu kompresa, ile pampu ya gesi iliyo kwenye boksi la nje. Feni inayokupulizia chumbani inaweza kuwa na mota ileile ya kapasita (inayozunguka kwa msaada wa kapasita, kifaa kidogo cha kushika chaji) iliyokuwamo kwenye AC za zamani. Ukitaka kujua uliyonayo, achana na stika, zima umeme, fungua kifuniko uangalie nyaya. Mota ya DC, yaani ya mkondo mnyoofu, kwa kawaida huja na plagi moja ya nyaya tano: wa volti 310 hivi, wa volti 15, wa kuamuru spidi, wa kurudisha taarifa ya mzunguko, na wa hasi ya bodi (GND). Ya kapasita utaikuta na kipande cheusi cha mstatili kwenye bodi, kimeandikwa ukubwa wake na volti, kitu kama 1.5 µF 450V.

Hizo volti 310 zinajibu na swali jingine ninaloulizwa sana na wenye sola: "Si ni DC? Niipige moja kwa moja kwenye betri?" Hapana. Bodi inachukua umeme wa ukutani wa volti 230 na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa zaidi ya volti 300. Betri ya volti 12 haitaitikisa. Feni za sola zipo, lakini zinatengenezwa kwa volti 12 au 24 tangu kiwandani.

Sasa tuje kwenye Luku. Wanasema mota ya DC inapunguza bili nusu. Nusu ya nini? AC ya BTU 12,000 ikifanya kazi inakula kama wati 1,000, na karibu zote zinaishia kwenye kompresa. Feni ya ndani haina zaidi ya wati 20 hadi 40. Ukiweka mota bora kuliko zote duniani, umeokoa wati kumi na ushei. Maneno haya mengi yanatoka kwenye video za Marekani, na kule yana maana yake: feni moja kubwa inasukuma hewa ya nyumba nzima kupitia mabomba, joto wakati wa baridi na ubaridi wakati wa kiangazi, na mota yake inakula mamia ya wati. Ndiyo maana serikali yao iliweka kiwango kipya cha umeme kwa feni za matanuru ya kupasha nyumba kuanzia Julai 3, 2019, na mota za kapasita zikaanza kusukumwa pembeni. Wewe wa Tanga mwenye AC ya ukutani unapigiwa hesabu ya mtu wa Minneapolis, mji wa Marekani wa baridi kali.

Kwetu faida iko darini. Pangaboi la kapasita hula wati 70 hadi 75 kwenye spidi ya juu, la DC hula 28 hadi 35. Tofauti ya wati 40 kwa saa 10 za usiku ni uniti 0.4, mwezi mzima uniti 12. Kwenye spidi ndogo pengo linauma zaidi. Ukiwa na rigyuleta ya zamani, kile kitufe cha ukutani cha kubadili spidi, iguse: lile vuguvugu ni umeme uliolipia.

"Chujio la AC likiziba mota hula umeme zaidi." Hapo inategemea, na hata mafundi tunabishana. Ziba bomba la mashine ya kufyonza vumbi kwa kiganja usikie sauti inavyopanda: mota imepunguziwa mzigo, kwa sababu hewa haipiti. Feni ya pipa, ile ndefu ya ndani ya AC ya ukutani, yenye mota ya kapasita nayo hivyohivyo, hula pungufu kidogo na kupuliza pungufu sana, hadi koili ya ubaridi inashika barafu. Inayokula zaidi ni ile mota ya mabomba ya Marekani iliyopangwa kulinda kiasi cha hewa. Inajikaza kufidia uchafu.

Kuna hili la kubandika kapasita kubwa ili feni ikimbie. Nimewahi kufungua pangaboi lililowekewa 4 µF mahali pa 2.5; koili ya mota ilikuwa imeshabadilika rangi na inanuka. Volti za kapasita zinaweza kuzidi, zisipungue. Namba ya µF iwe ileile.

Na eti DC haifi? Haina brashi, sawa, lakini ina beringi na ina bodi, na umeme wetu wa kuruka unazipenda bodi. Ya kapasita ikilegea unabadilisha kapasita ya bei ndogo, jioni umelala kwenye upepo. Mimi bado ningenunua pangaboi la DC, pamoja na kilinda umeme. Ila kwa AC, fundi akitaka kuchomoa plagi ya mota ya DC huku umeme unawaka, mzuie: kitendo hicho peke yake kinaweza kuunguza mota na bodi. Kuzima kwa rimoti hakutoshi. Azime ukutani, asubiri dakika chache, ndipo achomoe.