Boriti, daka na nyumba ya Lamu

Mteja akija ofisini kuniomba nimchoree nyumba ya Kiswahili, mara nyingi huwa ameshachagua mlango wa nakshi na matao. Mimi humuuliza mengine. Jirani akija jioni hukaa wapi? Kina mama hupumzikia wapi wageni wa kiume wakiwapo?

Nyumba za mawe za mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, zilijibu maswali hayo zamani. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Upana huo, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, umetokana na boriti za mikoko zinazobeba dari zito la mawe na chokaa; zikitandazwa kwa upana zaidi, zitapinda. Mikoko ya kando ya bahari ndiyo iliyopima chumba. Kuta nazo ni za matumbawe na chokaa, nene kiasi cha kuchelewesha joto la mchana.

Ila boriti haikupanga vyumba vifuatane vipi. Hilo limetoka kwa watu. Kutoka njiani unakuta kwanza daka, yaani kibaraza cha mbele ya mlango, lenye viti vya mawe pande mbili: hapo mwenye nyumba huongea na watu bila kuwaingiza ndani. Ukivuka mlango, njia hukata kona kabla ya kufika kiwandani, ule uwanja usioezekwa, kwa hiyo hata mlango ukiwa wazi jicho la mpita njia halifiki. Kisha misana, zile kumbi ndefu zinazofuatana, na kila ukisogea faragha inazidi. Juu ya njia kuna wikio, chumba kinachounganisha nyumba mbili. Wanawake huvuka bila kushuka chini, na mpita njia anapata kivuli. Mpaka leo naona wikio ni ubunifu mkubwa kuliko nakshi yoyote.

Ndiyo maana nikichora ghorofa za kupangisha hapa pwani, tao naweza kuliacha, daka siliachi. Mbele ya kila mlango natafuta nafasi ya viti viwili vya kujengea, vyenye upepo. Mwenye jengo husema eneo hilo halimlipi kodi. Basi nalikata kwenye sebule, maana jioni wapangaji watatoa viti nje hata hivyo, na pasipo nafasi watakaa ngazini.