Udadisi unageukaje kuwa ugunduzi? Kisa cha watoto wenye uvimbe wa taya pale Mulago

Ukitaja mbinu ya kisayansi watu wengi wanawaza makoti meupe na machupa ya maabara, kumbe ni utaratibu tu wa kuuliza swali ambalo jibu lake linaweza kukukatalia. Udadisi kila mtu anao. Kazi ni hatua inayofuata: unakisia jibu, hiyo ndo nadharia tete, halafu badala ya kulitetea unatoka kwenda kutafuta kitu kinachoweza kulivunja.

Mfano naoupenda ni wa Kampala. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa wodini kwenye hospitali ya Mulago amwone mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Usaha wa jino unakaa sehemu moja, sasa hii ya sehemu nne kwa mpigo ikamsumbua akili. Wiki chache baadae yuko hospitali ya Jinja, anachungulia dirishani anaona mtoto mwingine yuko vilevile! Akamkagua akakuta na tumboni kuna uvimbe, basi akarudi kufukua mafaili ya hospitali na kuona wagonjwa wa taya mara nyingi wana uvimbe na sehemu nyingine za mwili, yaani vitu vilivyokuwa vinaandikwa kama magonjwa tofauti vilikuwa kansa moja. Akaichapisha 1958.

Likaja swali la pili: ugonjwa huu unapatikana wapi? Akatuma vipeperushi vyenye picha kwenye hospitali kibao za Afrika, na 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakapanda gari, wiki kumi, kama maili 10,000, kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Karibu na ikweta, sehemu zilizozidi kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari hazikuwa nao, ila kadiri unavyoenda kusini ule mpaka unashuka. Hapa napapenda sana. Kama sababu ingekuwa mwinuko wenyewe mpaka ungebaki palepale, na kwa kuwa unashuka kadiri unavyoenda kwenye baridi zaidi, basi kinachohesabika ni joto, pamoja na mvua, na penye joto na mvua pana mbu. Kwa hiyo wakakisia ni kirusi kinachosambazwa na mbu.

Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na kati ya waliosikiliza alikuwepo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, akaanza kutumiwa vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Muda mrefu hakuona kitu. Kuna sampuli moja ikachelewa sababu ya ukungu uwanjani, ikafika maji yake yamechafuka kama imeoza, na ilikuwa rahisi kuitupa lakini yeye akaiweka kwenye hadubini akakuta seli hai zinaelea! Kumbe zilitaka kuachwa zielee ndo zikue. Akiwa na msaidizi wake Yvonne Barr wakaziotesha, na 1964 hadubini ya elektroni, ile inayoonyesha vitu vidogo mno, ikaonyesha kirusi kipya. Leo kinaitwa Epstein-Barr, kirusi cha kwanza cha kansa ya binadamu kujulikana.

Sasa ile nadharia ya mbu kubeba kirusi ilikuwa na kosa. Kirusi hiki kinaenea kwa mate na zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, wengi bila shida yoyote. Ila ramani haikudanganya, mbu kweli wamo, lakini kwa kuleta malaria, na mtoto anayeumwa malaria mara kwa mara mwili wake unashindwa kukidhibiti kirusi vizuri. Bila ile ramani nani angefikiria kuunganisha malaria na kansa ya taya?

Ugonjwa wenyewe bado upo kwetu. Uvimbe wake unakua haraka kuliko karibu kansa zote, kwa hiyo mtoto akivimba taya na uvimbe unaongezeka siku hadi siku, msiishie kumng'oa jino, mpelekeni hospitali kubwa mapema, maana dawa zake zipo na wakiwahiwa wengi wanapona.