Shirikisho ni nini, na kwa nini mkoa wa Mbeya si jimbo

Mwanzoni mwa 2016 wilaya za Mbozi, Ileje, Momba na Songwe zililala zikiwa Mbeya, zikaamka zikiwa mkoa mpya wenye makao makuu Vwawa. Miaka minne nyuma yake, 2012, Njombe, Makete, Ludewa na Wanging'ombe zilikuwa zimetolewa Iringa kwa njia hiyohiyo. Vikao vilikaa na mapendekezo yalipandishwa ngazi kwa ngazi, lakini kilichouzaa mkoa ni uamuzi wa Rais na tangazo kwenye Gazeti la Serikali. Hakuna mkazi wa Uyole wala Mafinga aliyepiga kura juu ya jambo hilo, na kisheria hakutakiwa kupiga. Ibara ya 2(2) ya Katiba inasema Rais aweza kuigawa Jamhuri ya Muungano katika mikoa, wilaya na maeneo mengineyo kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Basi.

Lichukue jambo hilohilo ulipeleke Marekani. Ibara ya 4 ya katiba yao inakataza kumega jimbo jipya ndani ya jimbo lililopo bila ridhaa ya bunge la jimbo lenyewe, pamoja na ile ya Bunge la taifa. Rais peke yake hana uwezo huo hata akiutaka sana. West Virginia ilipomeguka kutoka Virginia mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ilibidi ridhaa itolewe na serikali ya Virginia iliyokuwa imebaki upande wa serikali ya taifa, kwa kuwa ile nyingine ilikuwa imeasi. Wanasheria wamebishana sana kama ridhaa ile ilikuwa ya kweli au ya kutengeneza. Ila angalia: hata risasi zikilia, mtu aliona lazima aitafute.

Shirikisho limo katika tofauti hiyo. Halipimwi kwa ukubwa wa nchi, wala kwa idadi ya ofisi zilizosogezwa karibu na wananchi. Linapimwa kwa swali moja: serikali ya juu inaweza kuinyang'anya ile ya chini madaraka yake bila kuiomba? Ikiweza, nchi hiyo ni ya serikali moja hata ikiwa na mikoa mia. Isipoweza, kwa sababu katiba imeifunga mikono, hapo pana shirikisho.

Ndiyo maana mazungumzo ya shirikisho hayaendi popote bila katiba kwanza. Katiba ni sheria inayoiunda serikali yenyewe. Sheria ya kawaida hutungwa na Bunge, na Bunge limetoka kwenye Katiba, kwa hiyo mtoto hawezi kumtungia mama yake masharti. Katiba yetu ya 1977 imeliweka hilo wazi katika Ibara ya 64(5): sheria yoyote inayokwenda kinyume na Katiba inakuwa batili kwa kiasi inavyokiuka. (Kwenye Katiba tunataja ibara, kwenye sheria za kawaida tunataja kifungu. Ukivichanganya mbele ya wakili, atajua hujafungua kitabu.)

Ulinzi wa pili ni ugumu wa kuibadili. Kwetu zinahitajika theluthi mbili ya wabunge wote, na neno "wote" lina uzito: wanahesabiwa hata waliobaki majimboni siku ya kura, si waliokaa ukumbini tu. Marekani wanataka theluthi mbili katika kila baraza, Seneti na Wawakilishi, kisha robo tatu ya majimbo yakubali, yaani 38 kati ya 50. Tangu katiba hiyo ianze kazi mwaka 1789 wameibadili mara 27 tu, na 10 kati ya hizo zilipita kwa mkupuo mmoja mwaka 1791. Hapo shirikisho limejitokeza tena: majimbo yana kura katika kubadili mkataba uliowaunganisha. Mkoa wa Iringa hauna kura ya namna hiyo. Wabunge wake wanayo, lakini wanaipiga kama wabunge wa nchi.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote ni la kuchanganya mihimili na ngazi. Mihimili mitatu, yaani Serikali, Bunge na Mahakama, ni mgawanyo wa kwenda ubavuni: anayetekeleza asiwe ndiye anayetunga sheria, wala ndiye anayehukumu. Karibu kila nchi inayo, yenye shirikisho na isiyo nalo. Shirikisho ni mgawanyo wa kwenda juu na chini, na alama yake ya kawaida ni kwamba mihimili yote mitatu inarudiwa katika ngazi ya chini. Texas ina gavana aliyechaguliwa na watu wa Texas, bunge lake na mahakama zake zinazoishia kwa majaji wake. Tazama Mbeya sasa. Mkuu wa Mkoa anateuliwa na Rais kwa Ibara ya 61 na anaweza kuondolewa asubuhi moja kwa taarifa ya Ikulu. Bunge la mkoa hakuna, kuna kamati ya ushauri, na jina lake linajieleza. Mahakama Kuu Kanda ya Mbeya ni Mahakama Kuu ileile ya Tanzania iliyosogezewa wananchi jengo na majaji. Kwa hiyo Mkuu wa Mkoa si gavana mdogo. Ni mkono wa Rais uliofika Mbeya.

Neno "jimbo" nalo linatuchanganya. Tukilisema hapa, mtu anafikiria jimbo la uchaguzi, Mbeya Mjini au Isimani. Wazee wanakumbuka Jimbo la Nyanda za Juu Kusini la wakati wa mkoloni, kipande cha utawala kilichoshika Mbeya na Iringa pamoja, ambacho kilivunjwa kuwa mikoa miaka ya mwanzo ya uhuru. Yote mawili hayahusiani na jimbo la shirikisho. Jimbo la Marekani, Nigeria au Ujerumani ni serikali kamili yenye madaraka yaliyoandikwa katika katiba.

"Lakini halmashauri je? Si zina madiwani tuliowachagua?" Zinao, na bajeti wanapitisha. Ila Sura ya Nane ya Katiba, inayozihusu serikali za mitaa, ina ibara mbili tu, 145 na 146. Inasema zitakuwepo, inaeleza kwa ujumla ni za nini, na mengine inayaachia Bunge. Kwa nini hilo lina uzito? Mwaka 1972 serikali kuu ilizifuta halmashauri za wilaya kwa jina la madaraka mikoani, kazi zao zikahamia kwa watumishi wa serikali kuu. Zilirudishwa kwa sheria za 1982, zikaanza kazi tena 1984. Zaidi ya miaka kumi hazikuwepo, na hakuna halmashauri iliyoweza kwenda mahakamani kusema imeporwa chake.

Mfano wa karibu zaidi uko kwenye kizuizi cha ushuru. Lori la viazi likishuka kutoka Uporoto linalipa ushuru wa mazao kwa halmashauri, na kwa halmashauri za huku hiyo ni nguzo ya mapato ya ndani. Kiwango kilikuwa hadi asilimia 5. Mwaka 2017 Bunge lilikishusha: asilimia 3 kwa mazao ya biashara kama kahawa ya Mbozi, asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukavuka mpaka wa halmashauri bila kulipa. Mkulima alishukuru, na kwa haki. Madiwani wakarudi kupanga bajeti upya, kwa sababu pesa waliyoihesabu iliamuliwa Dodoma. Kodi ya majengo ilikwenda njia hiyohiyo: ikatoka halmashauri ikaenda Mamlaka ya Mapato (TRA) mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla.

Katika shirikisho, kodi iliyo mikononi mwa jimbo haichezewi hivyo. Oregon haitozi kodi ya mauzo, na jirani yake, jimbo la Washington, linatoza. Watu wanavuka mto Columbia kwenda kununua vitu vikubwa, kama wa Tunduma wanavyovuka kwenda Nakonde bei zikipishana. Tofauti ni kwamba wao wamo ndani ya nchi moja, na Bunge la taifa haliwezi kuiamuru Oregon ianze kutoza. Marekebisho ya 10 yanasema madaraka ambayo katiba haikuipa serikali ya taifa, wala kuyakataza kwa majimbo, yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi.

Si kila shirikisho lina makali hayo. Nigeria ina majimbo 36 na inajiita shirikisho tangu jina lake, lakini polisi ni wa taifa peke yao, na majimbo mengi yanaishi kwa kusubiri mgao wa fedha kutoka Abuja. Majimbo hayo yenyewe yalikatwa na serikali za kijeshi kwa amri, tangu yale 12 ya mwaka 1967. Kenya iko katikati. Katiba yake ya 2010 haijiiti ya shirikisho, neno lao ni ugatuzi, yaani kushusha madaraka ngazi ya chini. Hata hivyo kaunti zote 47 zina magavana na mabunge, kazi zao zimeorodheshwa katika katiba, na zimehakikishiwa zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kwa kipimo changu kaunti ina kinga ambayo halmashauri ya Tanzania haina, haijalishi inaitwaje.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuliwahi kupakana na shirikisho na wengi tumesahau. Kuanzia 1953 hadi mwisho wa 1963, ng'ambo ya mto Songwe na ng'ambo ya Tunduma kulikuwa na Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, makao yake Salisbury (sasa Harare). Kwenye karatasi lilikuwa na kila kitu: serikali ya juu, maeneo matatu, orodha ya madaraka. Lilikufa kwa sababu Waafrika wa Nyasaland (sasa Malawi) na Rhodesia ya Kaskazini (sasa Zambia) hawakulitaka tangu siku ya kwanza na hawakuulizwa. Mwaka 1964 Malawi na Zambia zikawa nchi huru, kila moja na serikali yake moja.

Tanzania yenyewe basi? Hapa kipimo kinatoa majibu mawili kwa nchi moja. Ibara ya 1 inasema Tanzania ni nchi moja, lakini serikali ni mbili, ya Muungano na ya Zanzibar, na Nyongeza ya Kwanza inaorodhesha mambo ya Muungano. Yalianza 11 mwaka 1964, sasa ni 22. Baraza la Mitihani limo, ndiyo maana mtoto wa Tukuyu na wa Unguja wanafanya mtihani uleule wa kidato cha nne. Kilimo hakimo, kwa hiyo Wizara ya Kilimo iliyoko Dodoma mamlaka yake yanaishia pwani ya Bara. Na orodha hiyo haibadilishwi kirahisi: Ibara ya 98 inataka theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, zikihesabiwa mbalimbali. Zanzibar, kwa hiyo, ina madaraka ambayo haiwezi kunyang'anywa bila wabunge wake kukubali. Mbeya haina. Ni shirikisho la upande mmoja, na mjadala wa serikali tatu, tangu Tume ya Nyalali, ile ya maoni juu ya vyama vingi, hadi rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Warioba ya 2013, ulikuwa juu ya kuupa upande wa pili serikali yake, Tanganyika. Hata ungepita, Mbeya ingebaki mkoa.

Ule uwezo wa kugawa mikoa nao uko hapo katikati. Ibara ya 2(2) inamtaka Rais wa Muungano ashauriane kwanza na Rais wa Zanzibar kabla ya kuigawa Zanzibar katika mikoa. Katiba ya Zanzibar, ilipobadilishwa 2010, ilimpa Rais wa Zanzibar uwezo huo mwenyewe. Ofisi ya Mkuu wa Mkoa Vwawa haina katiba ya pili ya kufungua.